Mwaka Usio na Pete

Kwenye ukuta wa maabara ya miti, juu kidogo ya sinki, palibandikwa karatasi yenye maneno ya wino mwekundu: "Pete zihesabiwe kwa mistari mitatu. Kisha zilinganishwe na mti wa pili. Ndipo wembe uguswe." Mwandiko ulikuwa wa msimamizi wa maabara, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Mama Kanuni. Jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia humo humo ndani, na katika muda wote huo hakuna mwanafunzi aliyempita na hesabu ya mkato. Mmoja alijaribu. Alihesabu mstari mmoja tu akidhani hataonekana. Mama Kanuni akamrudisha mwanzo mbele ya wenzake, na kila mgeni aliyeingia mwaka ule alisimuliwa habari zake, mpaka maskini wa Mungu akahamia idara ya samaki.

Nayasema haya mapema ili ujue mtu huyu alianguka kutoka juu kiasi gani.

Kazi yao, ukiiondolea majina makubwa makubwa, ilikuwa kuiuliza miti habari za ukame wa zamani. Miti ya nyanda zile huacha pete moja kila msimu wa mvua, kwa hiyo ukiukata mti na kukilainisha kisahani chake, kile kipande cha duara cha shina, kwa msasa, unaweza kuchora mstari kutoka kwenye gamba kuelekea moyoni na kuhesabu miaka kwa kuufuata. Kisha kila pete hukwanguliwa kwa wembe, peke yake, ikachemshwa kwenye dawa mpaka zibaki nyuzi nyeupe, ndipo iingizwe kwenye mashine. Kinachotafutwa ni hidrojeni nzito. Karibu hidrojeni yote iliyomo kwenye maji ni nyepesi, lakini imo kidogo iliyo nzito kuliko nyingine. Jua likichoma na hewa ikikauka, jani hupoteza maji, na yaliyo mepesi ndiyo hutangulia kuruka. Mazito hubaki nyuma, kama chumvi kwenye mchuzi uliosahaulika jikoni. Mti nao hujijenga kwa maji hayo hayo yaliyobaki. Kwa hiyo pete yenye hidrojeni nzito nyingi ni ya mwaka mkavu, na yenye kidogo ni ya mwaka wa neema. Mama Kanuni aliweza kuyaeleza haya yote huku anaosha chupa, bila hata kugeuka.

Basi siku moja ukaletwa mti kutoka kwao.

Ulikuwa umekatwa kupisha barabara mpya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani kwa baba yake. Mkuu wa maabara, mtu mpole aliyevaa sweta hata kwenye joto na ambaye wote walimwita Daktari, alifurahi sana, kwa sababu upande ule haukuwa na kipimo chochote cha mvua mpaka miaka ya karibuni. Yaliyotokea kabla ya hapo yalikuwa kwenye vichwa vya wazee tu. "Huu utatusemea," alisema, akiupigapiga kwa kiganja. Mama Kanuni alisaini karatasi ya mapokezi mara mbili, ikabidi asingizie kalamu.

Maana na yeye alikuwa na swali lake kwa mti ule, na swali lenyewe lilikuwa na miaka arobaini na minne.

Alipokuwa na miaka sita, baba yake alimshika mkono wakatembea siku mbili mpaka barabara kuu, akamkabidhi kwa shangazi yake wa mjini, akageuka akarudi. Mama yao alikuwa amefariki miaka miwili kabla, akimzaa mdogo wake wa kiume. Mdogo alibaki nyumbani, yeye akaenda. Miaka yote baba alilieleza jambo hilo kwa njia moja: mwaka ule mvua haikudondosha hata tone, ng'ombe waliisha, majirani walihama, shangazi akasema anaweza kulea mtoto mmoja, "nami nikampeleka aliyeweza kutembea." Aliwasimulia watoto, akawasimulia wajukuu, akawasimulia na wageni waliopita kuuliza njia, na kwa kuwa alikuwa msimuliaji hodari, kila mara alitia chumvi kidogo. Mwanzoni kisima kilikauka. Miaka ikapita, kisima kikawa na nyufa za kumeza mguu wa mtu mzima.

Binti yake alisikiliza akitabasamu kwa adabu, na moyoni akasema: wa kiume ulimbakiza, mimi ukanitoa. Shangazi alikuwa mwema, alimlea na kumsomesha bila kinyongo mpaka alipofariki. Hata baba alipokuja kumfuata baada ya miaka miwili, alimkuta keshaanza shule, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema basi asome, akaondoka. Hilo nalo mtoto aliliweka moyoni upande ule ule. Kuhusu mwaka wenyewe alikumbuka njia ndefu, na kiu. Lakini ni mtoto gani asiyeona kiu safarini?

Sasa jibu lilikuwa mezani, limelala juu ya gazeti.

Alipaswa kusubiri. Mti wa pili, uliokatwa kando ya mto, ulikuwa bado haujafika. Lakini Jumatano mchana, Daktari akiwa kikaoni na wenzake wamekwenda kula, Mama Kanuni alifunga mlango, akavuta kiti mpaka kwenye hadubini, akahesabu mstari mmoja. Mmoja tu. Pete zilikuwa pana, safi, zimejitenga vizuri. Alijiambia kwamba mti wa namna hii hata mtoto angeuhesabu. Alipofika pete ya arobaini na nne akaitia alama ya penseli, akachukua wembe, akaikwangua. Akakwangua na mbili za huku na mbili za huku, ili ionekane ni kazi ya kawaida. Wenzake waliporudi walimkuta anasafisha meza na wakamtania kwamba siku moja ataisafisha mpaka itoboke.

Wiki ya pili mashine ikajibu. Hidrojeni nzito ya pete ile ilikuwa chini, chini kabisa, kuliko ndugu zake wote waliopimwa. Mwaka wa neema. Mwaka wa mvua ya kulaza mahindi. Mama Kanuni aliichapisha karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Usidhani alilia. Alisikia kitu kilicho karibu sana na furaha, na baadaye hicho ndicho kilichomtesa kuliko vyote.

Jumapili alikwenda kwao.

Mzee alikuwa na miaka sabini na minane, akiishi na yule mdogo mtu, mke wake na watoto wao watatu. Siku hizi alisahau vitu vidogo vidogo. Angetafuta miwani huku ameivaa, angemwita mjukuu kwa jina la baba wa mjukuu, na wote walicheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mchana ule walikuwa mezani wakati mjukuu wa mwisho aliposukuma sahani yake pembeni, na babu mtu, kama kawaida, akasafisha koo.

"Ungekuwepo mwaka ule wa jua, wewe, ungeilamba hiyo sahani mpaka maua yake yafutike. Mwaka ule..."

"Baba," Mama Kanuni akasema, akaweka kijiko chini. "Mwaka ule mvua ilinyesha."

"Nini, mama?" Mzee alimwita binti yake hivyo tangu alipokuwa mdogo.

"Mwaka ulionipeleka kwa shangazi. Mvua ilinyesha, tena nyingi. Ule mti uliokatwa kule barabarani umeletwa kwetu. Nimeupima mimi mwenyewe."

"Dada, tunakula," mdogo wake akasema taratibu.

"Na mimi nakula. Maneno haya nimeyala miaka arobaini na minne."

Akatoa karatasi, akaikunjua katikati ya sahani. Akaeleza. Alieleza vizuri mno, kama anavyowaeleza wanafunzi: maji mepesi, maji mazito, pete, tarakimu. Mzee aliinama juu ya ile karatasi iliyokuwa imemgeukia kichwa chini, akafuata mistari kwa kidole, akiitikia "mm, mm."

"Na huo mti haukosei?" akauliza mwishowe.

"Ukosee kwa sababu gani, baba? Mti haukuwa na mtoto wa kike wa kumtoa nyumbani."

Wifi yake aliinuka akawatoa watoto nje, kila mmoja na sahani yake. Mzee alibaki ameikazia macho karatasi.

"Lakini mimi nalikumbuka lile jua," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Unakumbuka uliyosimulia, baba. Kukumbuka ni kitu kingine."

Ndivyo alivyomwambia. Mzee mwenye miaka sabini na minane, ambaye tangu mwaka jana alikuwa na hofu ya kusahau na hakumwambia mtu, akavuliwa nguo mchana kweupe mezani kwake mwenyewe. Hakubisha. Alinawa mikono ilhali sahani ilikuwa bado imejaa, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo.

Jumanne alipiga simu. "Mama, nimefikiri siku mbili hizi," akasema. "Huenda ni kweli. Huenda nilikuwa na sababu nyingine, nikaifunika kwa jua, nimelisimulia mpaka mwenyewe nikaliamini. Nisamehe. Nilikutupa."

"Nimekusamehe, baba," akajibu Mama Kanuni, na sauti yake ilikuwa ya jaji aliyeshiba. Akakata simu, akajipikia chai, akainywa polepole dirishani.

Ijumaa mzee akapiga tena, maneno yale yale. Jumanne tena. Kila mara ilikuwa nisamehe, na kila mara binti alisamehe kwa utaratibu, na si uongo nikisema kwamba alianza kuzisubiri zile simu. Mdogo wake naye akapiga. "Dada, baba hasimulii tena. Redio hataki. Amewaita wanangu akawaambia babu yenu ni mwongo, alimtoa mtoto wake akasingizia jua. Unasikia? Watoto wadogo wale."

"Amechelewa kusema, lakini amesema," dada mtu akajibu.

Kisha mti wa mtoni ukafika.

Kazi ya kuhesabu alipewa mfanyakazi mwenzao waliyemwita Kobe, kwa kuwa alikuwa mzito wa kila kitu, hata wa kupiga chafya. Kobe alihesabu mti wa mtoni kwa mistari mitatu. Halafu, kwa sababu karatasi ya ukutani ilisema hivyo, akauchukua na ule mti wa kwanza akauhesabu upya, mistari mitatu pia. Ilimchukua siku tatu. Siku ya nne alikuja mezani kwa Mama Kanuni, penseli sikioni.

"Miti yetu haipatani," akasema. "Wa mtoni una pete moja zaidi."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara nne."

"Basi mara ya tano itakuonyesha ulipokosea."

Kobe akaondoka bila kukasirika, maana hakujua kukasirika haraka. Baada ya saa nzima akarudi amekibeba kisahani kwa mikono miwili. "Sikukosea. Ipo. Iko upande huu mwingine."

Mama Kanuni akainamia hadubini. Kwenye mstari wake yeye, mstari wa Jumatano ile, pete pana ya alama ya penseli ilipakana moja kwa moja na mwenzake wa kuelekea kwenye gamba, hapakuwa na kitu katikati. Akakizungusha kisahani taratibu. Akaendelea kukizungusha. Upande wa pili kabisa, kati ya pete hizo mbili, ukatokeza uzi. Mweusi, mwembamba kuliko unywele, ukaenda urefu wa kidole kimoja, ukafifia ukaisha.

Alijua mara moja. Hakuhitaji kuelezwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaeleza wengine kwa miaka ishirini na miwili. Kuna mwaka mbaya kiasi kwamba mti haukui, na usipokua hauachi pete. Labda mzizi mmoja tu ulipata unyevu mahali, ukalisha upande mmoja wa shina, uzi huo ndio ukaandikwa. Kwingine kote mwaka ukapita kama haukuwepo. Pete aliyoikwangua yeye ilikuwa ya mwaka uliotangulia, mwaka wa mahindi kulala, wakati mtoto wa miaka mitano alikuwa bado anacheza uani kwao. Mwaka wa baba yake ulikuwa huu hapa, uzi huu.

"Sijawahi kuona hivi," Kobe alikuwa anasema. "Mti mzima kukosa pete! Watu wa kule waliishije?" Ndipo akaiona alama ya penseli, na kovu la wembe juu yake. Akatazama ukutani. Akamtazama Mama Kanuni. Akaenda kwenye sinki akaanza kuosha chupa zilizokuwa safi, akimpa mgongo ili asimwone anavyobadilika uso. Laiti angemcheka! Mama Kanuni alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kiti chake na hadubini.

Waliukwangua ule uzi wakapata vumbi kidogo, la kutosha kupimwa mara moja. Tarakimu ilipotoka, Daktari alivua sweta kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. Hakuna pete iliyowahi kupita kwenye mashine ile ikiwa na hidrojeni nzito kiasi hicho. Mama Kanuni akasimama mbele yake akasema, "Daktari, mimi nilihesabu mstari mmoja. Nikakata pete ya mwaka mwingine."

"Ah, wewe naye," Daktari akacheka. "Kosa limeonekana kabla hatujaandika popote. Hakuna lililoharibika."

"Hakuna," akasema, akaenda chooni akajifungia.

Humo ndani ndimo alipomfikiria mdogo wake. Katika ukoo wao wote ni warefu, wanaingia milangoni wakiinama, isipokuwa yeye. Yeye aliishia begani kwa baba yake, na meno yake yaliota yakiwa na madoa, na tangu wakiwa vijana dada mtu alimtania kuwa aliokotwa. Mtoto wa miaka miwili alibaki na njaa ya mwaka ule. Mtoto wa miaka sita aliepushwa nao. Baba alikuwa na nafasi moja tu ya kuokoa mtu, akampa binti, na kwa miaka arobaini na minne binti huyo alimwekea kinyongo kwa hilo, halafu akamwendea na karatasi.

Ungetegemea aende kesho yake. Hakwenda. Simu ya Jumanne iliita, jina la baba likawaka, akaitazama mpaka ikanyamaza. Ijumaa vivyo hivyo. Alijua maneno yatakayotoka humo, na sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka. Akajitetea kwa kila namna: ana kazi, ana mafua, mzee keshazoea, kumfumbua macho tena ni kumchanganya. Tena nani angejua? Nyumbani hakuna aliyeijua hidrojeni. Ule ukimya ungemsitiri mpaka kaburini, na hilo alilifikiria kwa dhati, si mara moja. Kazini aliibandua karatasi yake nyekundu akaitupa. Siku iliyofuata akaikuta imerudishwa, imelainishwa kwa kiganja, na Kobe yuko pembeni anajifanya hamnazo.

Zilipita siku kumi na moja. Ya kumi na mbili mdogo wake alimtumia ujumbe mfupi: "Baba anauliza kama umekufa." Jumamosi mchana Mama Kanuni akakifunga kisahani kwenye kanga, akapanda basi.

Mzee alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake, redio imezimwa. Alikuwa amepungua; shati lilimning'inia mabegani. Alipomwona alijaribu kusimama.

"Karibu, mama. Nilisema labda umebadili mawazo. Labda hukunisamehe. Una haki..."

"Baba, usiseme tena." Akapiga magoti sakafuni, mwanamke mzima mwenye miwani na funguo za maabara kiunoni. "Mimi ndiye wa kuomba. Nimekosea. Mvua haikunyesha."

Mdogo wake alikuwa mlangoni, ametoka kuoga, taulo shingoni. Alisimama pale pale.

Mama Kanuni akaeleza tena. Safari hii hakueleza vizuri. Alirukaruka, alirudi nyuma, alimeza mate, alisema mstari mmoja, alisema ningehesabu mitatu, alisema ni mimi niliyeiandika ile kanuni, baba, kwa mkono wangu. Akakifungua kisahani akakiweka mapajani mwa mzee, akashika kidole chake akakiburuta juu ya mti. "Hapa. Mwaka ule ni hapa. Ni mwembamba kwa sababu ya jua lako. Uliyoyasema yote yalikuwa kweli."

Mzee aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa mti. Kidole kilikwenda, kikarudi. "Nasikia laini tu," akasema. "Macho yangu hayafiki huko."

"Upo, baba. Naapa upo. Umepimwa, hakuna mwaka mkavu kama ule. Hukunitupa. Uliniokoa."

Mzee akakipapasa kisahani mara nyingine. Kisha uso wake ukafunguka, polepole, akatabasamu, na binti yake akapumua kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hadubini.

"Umetoka mjini kote huko kuja kuniambia hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Na gogo umebeba."

"Ndiyo."

"Mwanangu." Akamwekea mkono kichwani. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Akainua sauti, sauti ile ya kusimulia ambayo nyumba haikuisikia kwa wiki kadhaa. "Njooni! Njooni nyote mwone!"

Wifi akatoka jikoni na watoto nyuma yake.

"Mtazameni huyu," mzee akasema. "Huyu nilimtupa akiwa na miaka sita. Akausoma ukweli kwenye mti, akanisamehe. Kisha akaona aibu inaniua mzee mimi, akashindwa kuvumilia. Leo amekuja kujipaka matope mwenyewe, anasema eti alikosea, ili mimi nisitirike. Mmewahi kuona moyo wa namna hii?"

"Hapana, baba! Sikusitiri. Ni kweli nilikosea."

"Nyamaza, mama. Nimeelewa."

"Hujaelewa!" Akamgeukia mdogo wake. "Mwambie! Mwambie wewe!"

Mdogo wake alikitazama kile kisahani, akamtazama dada yake pale chini. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Nimwambie nini, dada?" akasema. "Mimi nilikuwa na miaka miwili."

Mama Kanuni akaanza upya. Alipaza sauti, akaapa kwa marehemu mama yake, akataja tarakimu, akataja jina la Kobe ambaye hakuna aliyemjua mle ndani. Wifi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Mjukuu wa mwisho, yule wa kusukuma sahani, alimtazama shangazi yake kwa heshima ambayo hajawahi kumpa. Mama Kanuni alirudia mara tatu tangu mwanzo, na kila alipomaliza mzee alimshika mkono, akamshukuru upya.